Kura yako na shemeji mgombea

Dada yangu wa Katuba, umeuliza ufanye nini: mume anataka nyumba nzima imchague mdogo wake anayegombea udeputé (ubunge) wa jimbo, na wewe moyo haupo. Pole. Kwetu Lubumbashi, Kongo, kura inaanzia kwenye sahani ya bukari (ugali).

Mbele ya watoto usibishane naye. Ngoja jioni, makala (mkaa) yakizimika, umuulize taratibu: "Shemeji akipita, bomba la maji la mtaa wetu atalifanyia nini?" Akikosa jibu, acha ukimya umfanyie kazi. Shemeji mwenyewe naye akija kuomba kura, mkaribishe chai, umuulize hilohilo. Tisheti na kilo mbili za unga si jibu. (Unga pokea, watoto wanakula.)

Halafu, kura si moja. Desemba 2023 tulichagua siku ileile rais, deputé wa taifa, deputé wa jimbo na diwani wa komini (manispaa). Kwa hiyo hata ukiamua kumpa shemeji kura ya jimbo, nyingine bado ni zako. Ila ya jimbo usiidharau: madeputé wa jimbo ndio wanaomchagua gavana na maseneta.

Mbele ya mashini ya kupigia kura utakuwa peke yako. Unagusa picha, karatasi inatoka, unaikunja, unaitumbukiza. Wino wa kidoleni unaonyesha umepiga kura, haumtaji uliyempigia. Mume akiuliza, mwambie umechagua vizuri, umpakulie sombe (kisamvu).