Baada ya soya, tanguliza nafaka

Ndugu wa Lira, kaskazini mwa Uganda, uliyeuliza kama upande mukuna (mmea wa kutambaa wa kufunika na kurutubisha udongo) mara tu baada ya kuvuna soya: mimi ningetanguliza nafaka. Zote mbili ni jamii ya kunde, na ile kutu ya soya, ugonjwa wa ukungu wa majani, hushambulia mimea mingi ya jamii hiyo. Halafu soya huacha majani machache yanayooza upesi, na sehemu kubwa ya naitrojeni yake, kile kirutubisho cha kukuza mimea, huondoka na punje kwenye gunia.

Kwa hiyo ukivuna Julai, panda mahindi Agosti. Mukuna ichomeke katikati ya mistari wiki kama sita baadaye, si mapema, maana hutambaa na kupanda juu ya mabua hadi kuyalaza. Mahindi yakitoka shambani, mukuna inaendelea kutanda kwenye unyevu uliobaki. Mvua za Machi zikianza, ilaze chini, usiichome moto, kisha panda mahindi au mtama juu ya matandazo hayo. Soya irudi msimu wa pili. Inajitengenezea naitrojeni yenyewe, sasa ya nini kuipa ya mukuna wakati mahindi yanaililia?

Shida halisi huko kwenu ni ng'ombe wanaozurura kiangazi na moto wa nyika. Ongea na majirani kabla hujanunua mbegu, la sivyo utakuwa umelima malisho ya wengine. Na watoto wasizipike mbegu za mukuna kama maharage. Zina kemikali ya L-dopa, huleta kichefuchefu na hata kuchanganyikiwa.