Kijiti cha manyoya: ninayomwambia anayeanza kuchonga

Mvua imenyesha usiku kucha. Majani yameloa, vijiti vyote vilivyolala chini vimeloa, na karatasi uliyobeba mfukoni imegeuka uji. Hapo ndipo kijiti cha manyoya kinapofaa. Ni kipande cha mti mkavu kilichochongwa kwa kisu mpaka kikaota maranda membamba yaliyojikunja, yote yakiwa bado yameshikilia upande mmoja, mithili ya manyoya kwenye bawa. Unawasha njiti moja ya kiberiti, unaipeleka chini ya manyoya, na moto unapanda wenyewe.

Wengi wanaoanza huniuliza kwanza habari za mkono: nishike vipi, nisukume vipi. Nitafika huko. Lakini katika miaka niliyochonga na kufundisha wengine, vijiti vingi nilivyoona vikishindwa vilishindwa kabla kisu hakijatoka kwenye ala. Ukuni wenyewe haukuwa mkavu.

Tafuta mti uliokufa ukiwa umesimama, au tawi lililovunjika likanasa juu bila kugusa ardhi. Ukuni uliolala chini hunyonya maji ya udongo hata siku jua linapowaka. Tawi lililosimama likiwa limeloa kwa nje, usiliache. Mara nyingi mvua huishia kwenye gome na milimita chache za mti, na ndani bado ni kukavu. Livunje usikilize: kavu hukatika kwa mlio, bichi hupinda na kuchanika nyuzi nyuzi. Kisha lipasue na uguse kiini chake kwa mdomo au shavu. Penye unyevu utasikia ubaridi. Vidole vya mtu anayeshika kisu kila siku huwa na sugu, vinadanganya. Mdomo haudanganyi.

Ushupavu wangu kuhusu ukavu una sababu yake. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, na mti hauanzi kutoa mvuke unaoshika moto mpaka joto lake lipite nyuzi 200. Maadamu kuna maji ndani, joto lako linakwenda kuyachemsha kwanza. Kuni zilizokauka vizuri huwa na unyevu usiofika asilimia 20, ilhali mti uliokatwa leo unaweza kubeba maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Njiti ya kiberiti inakupa sekunde chache tu. Ukizitumia kuchemsha maji, hutabaki na kitu cha kuwashia.

Kwa kujifunzia chukua mti laini wenye nyuzi zilizonyooka, kama msonobari au mwerezi. Mti mgumu nao huwaka, na makaa yake hudumu, ila manyoya yake hukatika upesi na mkono wa mwanafunzi hukata tamaa. Ukibahatika kupata kisiki cha msonobari ambacho utomvu umejaa ndani, chenye rangi ya asali na harufu kama ya tapentaini, kitunze vizuri, kwani huwaka hata kikiwa na unyevunyevu. Mti wenye fundo uache. Kisu kikifika kwenye fundo hukwama au huruka, na kisu kilichoruka hujui kinakwenda wapi. Mti unaotoa utomvu mweupe kama maziwa, nawe huujui, usiuchonge wala usiuchome, maana mingine ina sumu na moshi wake huumiza macho.

Kupasua ni kazi ya gongo. Simamisha kipande kinene kama kifundo cha mkono juu ya kisiki, weka makali katikati ya kichwa chake, kisha gonga mgongo wa kisu kwa gongo. Hakikisha ubao wa kisu, yaani sehemu yake ya chuma, ni mrefu kuliko upana wa ukuni, ili ncha ijitokeze upande wa pili upate pa kugonga. Kisu kiwe cha mpini usiokunjika. Kile cha kukunja kikigongwa hivyo, pini yake hulegea, na siku moja kitakufungia vidoleni. Pasua tena na tena mpaka upate vijiti vya unene wa kidole gumba, urefu wa sentimita 30 hivi, vyenye kingo kali kama za mche wa seremala. Hizo kingo ndizo utakazozichonga. Vipande vya nje, vyenye gome, viweke kando. Vitaingia motoni baadaye.

Kisu cha ubao wa sentimita 9 hadi 11 kinatosha kabisa. Ukali ndio kila kitu. Kata ukingo wa karatasi: kikiteleza bila kuchana, kinafaa. Baada ya kukata mti, angalia jeraha lake. Kisu kikali huacha uso unaong'aa, kisu butu huacha uso wenye manyuzinyuzi. Kama unaona manyuzinyuzi, rudi kwenye kinoo, hata kama wenzako wameshaanza.

Sasa mkono. Simamisha kijiti juu ya gogo, kikiegemea mbele kidogo, mkono mmoja umekishika juu. Laza ubao wa kisu kwenye ukingo wa kijiti, ule mshazari ulionolewa ukigusa mti. Usikate bado. Telezesha kisu kutoka juu hadi chini mara mbili tatu bila kuchukua kitu, usikie tu jinsi kinavyolala. Kisha inua mgongo wa kisu kidogo sana, kiasi cha unene wa ukucha, na uteleze tena. Makali yatauma. Ukiinua zaidi, kisu kinazama, na unyoya unakuwa mnene na kukatika. Ukiinua pungufu, kinapita juu bila kuacha alama. Kati ya hapo na hapo ndipo pa kuzoea, na hakuna maelezo yatakayokufikisha bila kuchonga vijiti vingi.

Nilipoanza, kwa muda wa mwezi mzima manyoya yangu yalidondoka yote. Kila kijiti kilibaki uchi, na chini palijaa maranda. Nilidhani nguvu hazinitoshi, nikawa nasukuma zaidi. Mzee aliyekuwa akinifundisha alikuja akanishika kifundo cha mkono, akakibana nisiweze kukikunja, akaniambia nishuke na mwili wote. Niliposhuka kwa magoti, mkono ukiwa umenyooka kama fimbo, unyoya wa kwanza ulijikunja mara tatu na ukabaki pale pale. Kosa lilikuwa hapo: kifundo kikikunjwa, pembe ya kisu hubadilika njiani, na unyoya hukatika pale pembe ilipobadilika. Funga kifundo, funga kiwiko, mwili ndio ushuke.

Jambo la pili ni kufuata ukingo. Ukipitisha kisu kwenye ukingo mara moja, ule ukingo mmoja unakuwa miwili, midogo zaidi, kushoto na kulia. Zungusha kijiti kidogo, kama unavyogeuza ufunguo kwa uangalifu, upate mmojawapo. Upitishe. Zungusha tena. Kingo hizi mpya ni nyembamba, kwa hiyo kinachotoka ni uzi mwembamba unaojikunja wenyewe. Anayechonga kwenye ubapa hupata ukanda mpana unaotaka nguvu na unaogoma kujikunja. Nikimwona mtu anahangaika, kitu cha kwanza ninachoangalia ni kama bado yuko ukingoni.

Kila unyoya usimamishe kabla ya mwisho wa kijiti, ukibakiza upana wa vidole viwili. Ukifika hapo, legeza mkono na ulaze kisu nje kidogo ili unyoya uiname kando na kupisha unaofuata. Unyoya unaofuata uishie juu kidogo ya ule wa kwanza. Ya mwanzo yakiwa manene kidogo si neno, yatalisha moto. Ya mwisho yawe membamba kiasi cha kuona mwanga ukipita.

Ikiwa mkono unachoka, ipo njia nyingine. Piga goti moja, bana mkono wenye kisu kando ya goti lile lililoinuliwa, makali yakiangalia mbele, kisha uvute kijiti nyuma kwa mkono wa pili. Kisu hakisogei, kijiti ndicho kinachosogea. Wengi huipenda hii kwa sababu pembe haibadiliki.

Kwa usalama, usichonge kijiti kikiwa katikati ya mapaja. Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatika mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Geuka upande, au weka viwiko juu ya magoti na kisu kielekee nje. Mkono unaoshika kijiti ukae nyuma ya makali daima. Mimi nina kovu la nyuzi tatu kwenye kidole cha shahada kwa kusahau hilo mara moja tu. Pima duara la mkono wako pamoja na kisu, na asikae mtu ndani yake. Ukichoka, kisu kirudi kwenye ala.

Vijiti vinne hadi sita vinatosha moto mmoja. Tandaza kitambaa chini unapochonga, maana maranda yanayodondoka ni mali. Kwa njiti ya kiberiti, unyoya wa kawaida unashika. Kwa fimbo ya ferosiriamu, chuma kinachotoa cheche kikikwaruzwa, alichokivumbua Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903, unahitaji manyoya kama nywele. Cheche zake hufika karibu nyuzi joto 3,000, ila kila moja huzimika kufumba na kufumbua, na unyoya mnene haupati nafasi ya kupata joto. Rundo dogo la vumbi lililokwaruzwa kwa mgongo wa kisu kutoka kwenye mti wenye utomvu husaidia sana.

Kabla ya kuwasha, panga kila kitu karibu: vijiti vyembamba kama penseli, kisha vya unene wa kidole gumba, kisha kuni kubwa. Laza vijiti viwili vikavu chini ili manyoya yasiguse udongo. Egemeza vijiti vya manyoya vikutane, manyoya yakiwa chini na yakiangalia upepo unakotoka. Washa chini, upande huo huo wa upepo, nao utausukuma mwali ndani. Kisha subiri. Hapa wanaoanza huharibu kazi nzuri kwa kurundika kuni kubwa mara tu wanapoona mwali, moto unakosa hewa na kubaki moshi. Ongeza vya penseli viwili viwili mpaka usikie moto ukivuma.

Ukisafiri, usibebe vijiti vilivyokwisha chongwa. Manyoya membamba hunyonya unyevu wa hewani upesi, na mzigo huyaponda. Beba vijiti viwili vya kiini vilivyopasuliwa, vimefungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, na uvichonge hapo hapo unapokoka moto.