Bao na kaseti alizotuachia marehemu baba

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Marehemu baba ametuachia bao la mti na kete zake za komwe, pamoja na kasha lenye mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni na kaseti tisa tulizozichezea tulipokuwa skuli. Ndugu zangu wanataka bao libakishwe na kasha litupwe. Je, gemu nazo zina historia ya kuhifadhiwa? Na nikizitunza, nianzie wapi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam, dada yetu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Nakuomba kasha hilo lisitupwe. Mashine nyingi za bei nafuu za aina hiyo zilikuwa nakala za Famicom, mashine ya gemu ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983, na kwa kuwa nakala hizo mara nyingi hazikuwa na jina la mtengenezaji wala kitabu cha maelezo, habari zake zimebaki vichwani mwa waliozicheza. Hata Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation, taasisi ya kuhifadhi historia ya gemu, ulionesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka huko kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni.

Usiiwashe mashine kabla fundi hajaikagua, hasa kifaa chake cha umeme. Upepo wetu wa bahari una chumvi na unyevu unaoyashikisha kutu meno ya kaseti, yaani vile vipande vya chuma vinavyoingia kwenye mashine, kwa hiyo yafutwe kwa pamba yenye spiriti kidogo, yakauke, kisha kila kitu kiwekwe ndani ya chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Baadhi ya kaseti zina betri ndani inayotunza hatua aliyofikia mchezaji. Betri ikifa, hatua hizo hufutika ingawa gemu yenyewe hubaki. Andika pia kaseti zilinunuliwa wapi, na ninyi watoto mlikuwa mkiziitaje.

Ndugu zako wanaona bao liko salama kwa sababu litabakishwa. Mimi naliona hilo ndilo lililo hatarini zaidi. Ubao wenye mashimo 32 na kete 64, ukiepushwa na mchwa na usipakwe vanishi juu ya weusi ulioachwa na mikono ya wachezaji, utadumu miaka mingi. Lakini ubao haumwambii mtu namna ya kunamua, yaani kuingiza moja moja kete 22 za mkononi, wakati wa kuingia mtaji, yaani hatua inayofuata kete hizo zikiisha, au kwa nini wachezaji wawili wazoefu hubishana juu ya kutakasia, yaani kulizuia shimo la mpinzani lisichezwe. Mtafiti Alex de Voogt aliwafuata mafundi wa bao, yaani mabingwa wa kulicheza, wa Zanzibar na kuandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1995, nasi wenyewe tunaweza kufanya hivyo kwa simu ya mkononi. Rekodi mchezo mzima kutoka juu ili mashimo yote yaonekane, umuombe mchezaji aeleze kila anapotia kete, na uyaache maneno ya utani yaliyomo, kwani nayo ni sehemu ya bao. Weka nakala mahali pawili au patatu, na uulize Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, kama watapokea moja.

Anza na wazee waliokuwa wakicheza na baba yako barazani, wiki hii ukiweza; kaseti, zikishakauka, zitangoja.