Mutoto akikataa triko, muulize inamuchoma wapi

Kama uko mama wa Bukavu unajua asubuhi ya huku. Tunaishi juu, karibu mita 1500, na mwezi wa sita hata kama mvua haiko, saa kumi na mbili baridi inapanda toka ku ziwa inaingia mpaka mu mifupa. Ndio saa hiyo mi na binti yangu tulikuwa tunagombana kila siku juu ya triko, ile sweta ya kuvaa ku masomo.

Iko na miaka sita, ameanza primeri mwaka huu. Jupe ya bleu anavaa, shemizi nyeupe anavaa, soksi anavaa, tukifika ku triko analia. “Mama, inanichoma.” Na mi namujibu, itakuchomaje na baridi hii? Vaa! Siku moja nilimuvalisha kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika, akashuka kilima machozi ingali ku mashavu, na mi siku nzima roho iliniuma sana.

Jumamosi nilikuwa nafua, nikageuza ile triko ndani nje, kola ikapita huku ndani ya mukono, pale ngozi iko laini. Nikashituka. Ni nguo ya balo, mutumba, etiketi walishaikata, lakini kipande kidogo cha nailoni kilibaki mu mushono, kigumu kama mwiba. Mutoto alisema inanichoma, mi nikasikia joto, kumbe yeye anasema mwiba! Wiki tatu nzima. Nilichukua wembe nikafungua ule mushono uzi kwa uzi, jumatatu akavaa bila neno.

Kwa hiyo mama mwenzangu, mbele ya kusema mutoto iko kichwa ngumu, muulize ni wapi, akuonyeshe na kidole. Pitisha nguo ku ngozi yako wewe mwenyewe, kola, kwapa, lastiki ya kiuno. Batoto wadogo hawana maneno mengi, wanatumia lile moja wanalojua.

Kingine kilichotusaidia, nguo tunachagua magaribi. Asubuhi kila mutu iko na haraka na hakuna anayesikia mwenzake. Tena wakati wa mvua, toka mwezi wa tisa mpaka wa tano, inifome inaweza kulala ku kamba siku mbili bila kukauka, ukigundua saa kumi na mbili asubuhi umeshachelewa, lakini ukigundua magaribi unawasha pasi ya makala unaikausha polepole. Na nguo za kushinda nazo mu nyumba namupa mbili, achague moja. Mbili tu, ukifungua sanduku lote mutalala hapo.

Na sisi wakubwa tunagombana, tusidanganyane. Bwana yangu alikuwa anabaki na singileti mu salon hata bageni ba kanisa wakifika, sasa shemizi moja iko ku musumari nyuma ya mulango, ilikwisha hivyo.

Mama mukwe ndio ilikuwa nguvu zaidi. Akitoka kijijini anakuja kukaa kwetu, na mi nafanya kazi za nyumba na patalo, suruali, sababu naosha chini, nainama, nabeba makala. Patalo haikumupendeza. Hakuniambia kitu, alimwambia mutoto wake, bwana yangu, na hiyo iliniumiza kuliko kama angenigombeza. Nikamufuata ku jikoni, nikapiga magoti kidogo, nikamwambia mama, kama kuna kitu kinakusumbua niambie mimi. Tukaongea. Sasa akiwa hapa nafunga kikwembe, kitenge, juu ya patalo, na yeye akiniona naosha anasema, toa hicho kikwembe mwanangu, kitalowana.

Jumamosi tukienda kuchagua nguo za balo ku soko ya Kadutu, binti yangu anageuza kola mwenyewe, anaipitisha ku shingo polepole, macho yamefungwa. Kisha ananiangalia. “Mama, hii haichomi.”