Dar mpaka New York: kabla hujakata tiketi angalia na kilomita

Watu wengi wakitaka tiketi ya New York wanaangalia bei, basi. Mi hii njia nimeshaipita kwa Nairobi, kwa Amsterdam na kwa Doha, na nakwambia angalia na kilomita, maana ndo zinakuonyesha utazungushwa kiasi gani.

Mstari ulionyooka toka Dar mpaka New York ni kama kilomita 12,400, ila ndege ya moja kwa moja hakuna, lazima uunganishe. Ukipitia Nairobi, Dar–Nairobi ni kama 670, halafu Nairobi–New York karibu 11,840 (Kenya Airways walianza kuiruka bila kutua Oktoba 2018), jumla 12,500 na kidogo, yani hujapotezwa njia kabisa. Kwa Amsterdam inafika kama 13,200. Sasa Doha, unapelekwa Ghuba kama kilomita 3,800 halafu unageuzwa kurudi magharibi 10,700 na zaidi, jumla inagonga 14,500, hapo umeshaongeza masaa mawili na ushee hewani kabla hata hujahesabu ya kusubiri.

Kuna mshkaji alinibishia kweli, eti ndege ya Nairobi–New York inakatiza Kongo inatokea Atlantiki, kisa ramani ya ukutani. We chukua lile tufe la darasani uvute uzi toka Nairobi mpaka New York, utaona unapanda juu kukata Sahara, na katikati ya uzi panaangukia Morocco, pande za Marrakech huko!

Halafu kwenda na kurudi sio sawa. Huko juu kuna upepo mkali unavuma toka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo kwenda ndege inapambana nao karibu masaa 15, kurudi unaisukuma, inapungua kama saa zima.

Ila njia fupi sio lazima iwe nzuri kwako. Masaa 15 kwenye kiti kimoja na mtoto mdogo ni shughuli, kama unasafiri na watoto mi naona bora Amsterdam, mnashuka, mnanyoosha miguu, mnakula, mradi kusubiri kusizidi masaa manne hivi. Ile tiketi ya bei chee inayokulaza eapoti usiku kucha mi siitaki, hela uliyookoa yote inaishia kwenye chai na sandwichi za pale.

Na msidanganywe na saa za kwenye tiketi. New York iko nyuma yetu masaa 8, wakiwa kwenye kiangazi chao 7. Ukiruka Nairobi saa 6 usiku, masaa 15 baadaye kwao ni saa 1 asubuhi ya siku ileile, kwa macho unaona safari ya masaa 7. Muda wa kufika umeshaandikwa kwa saa za kwao, kwa hiyo anayekuja kukupokea mtumie kama ulivyo, usianze kumpigia hesabu.