Shotgani ya mtoto ya kuwindia kulungu: anza na risasi, skopu itafuata

Kila msimu wa kulungu ukikaribia huku Marekani maswali yanakuwa yale yale, mzazi kamnunulia kijana wake shotgani ndogo ya geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ikiwa ndogo mtutu ni mpana zaidi) na sasa anataka kujua aweke skopu gani, yaani darubini ya kulengea, na anunue risasi gani. Wengi wanaanza na skopu, mana skopu ndo kitu kinachopendeza dukani, unaishika, unachungulia, unaona mbali. Mimi nawaambia geuzeni, anzeni na risasi, kwasababu risasi ndo inaamua kama mtoto ataipenda ile bunduki au ataiogopa, na mtoto akishaiogopa bunduki hakuna skopu itakayomsaidia.

Shida kubwa ni teke. Watu wanaona bunduki ni ndogo, kitako kifupi, wanadhani itapiga taratibu, kumbe ni kinyume. Risasi ikiwa ile ile, bunduki nyepesi ndo inayorudi nyuma kwa nguvu zaidi, na hizi za watoto nyingi zina kama kilo 2.5 mpaka 2.7 tu, afu aliyeishika naye ni mwepesi. Mpe mtoto wa miaka 11 slagi, yaani risasi moja nzima badala ya marisau mengi, nzito ya inchi 3 (huo ni urefu wa ganda) kwenye bunduki kama hiyo, anapiga mbili tu na ya tatu hataki, na ukimlazimisha atapiga huku kafumba macho. Nimekaa pembeni ya binti yangu uwanja wa shabaha nikimwangalia yeye, shabaha hata siitazami, na dalili huwa zinaanza kidogo kidogo, kope zinabana kabla kidole hakijagusa triga, alafu bega linapanda lenyewe kwenda kuipokea bunduki, alafu mdomo wa mtutu unazama chini kidogo. Ukiona hicho cha mwisho ujue risasi zinaenda chini na hamna kosa lolote kwenye skopu.

Kuna njia ya kulihakikisha hili. Tafuta risasi za bandia za saizi hiyo hiyo, zile za plastiki zisizo na baruti, wakati mwingine umwekee hiyo yeye asijue ipi ni ipi. Akivuta triga bunduki ikalia tu "tik" na mtutu ukazama, basi anashtuka. Hapo acheni slagi kabisa siku hiyo, rudini kwenye risasi nyepesi.

Na risasi nyepesi ndo za kuanzia kwa kila mtoto. Namaanisha zile za marisau madogo ya kupigia visahani vya udongo, za inchi 2¾, apige makaratasi na makopo mpaka kushika bunduki, kutoa sefti, ile loki ya usalama, kuvuta pumzi na kubonyeza triga viwe vimemkaa mwilini. Masikio yazibwe mara mbili, vizibo vya ndani na hedfoni juu yake, mana nusu ya woga wa mtoto ni mlio, teke ni nusu nyingine. Slagi zije baadae na zije chache, tatu nne kwa siku zinatosha, mwisho iwe vizuri, msisubiri achoke.

Sasa slagi zenyewe. Kabla hujanunua chochote toa risasi zote, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, ng'oa mtutu kama unang'oka, alafu ndo uchungulie ndani kwenye mwanga. Ukiona ni laini kama bomba, hiyo inataka slagi ya Foster, ile ya madini laini ya risasi iliyo na uwazi nyuma na uzito wote mbele, aliitengeneza Karl Foster mwaka 1931, inanyooka hewani kama kile kimanyoya cha badminton kwasababu kichwa ni kizito kuliko mkia. Ile mistari ya ubavuni watu wanadhani ndo inaizungusha, kazi yake hasa ni kuiwezesha kubana ikipita kwenye choki, ule mbano wa mdomo wa mtutu. Ya geji 20 huwa na kama gramu 18 mpaka 21. Choki iwe silinda, yaani isiyobana, au iliyobana kidogo tu, usipige slagi kwenye choki iliyobana kabisa. Brenneke nazo ni za mtutu laini, jina hilo ni la Wilhelm Brenneke Mjerumani aliyezibuni mwaka 1898, ni ngumu zaidi na zinapenya sana.

Ukiona ndani kuna mifereji inayozunguka, hiyo ni habari nyingine, inataka slagi za saboti, risasi nyembamba iliyovalishwa plastiki ambayo plastiki inashika mifereji, inazungushwa, na ikitoka nje plastiki inabanduka na kuiachia risasi iende peke yake. Zina usahihi mkubwa, yadi 100 siyo shida kwa bunduki iliyosetiwa, yaani iliyorekebishwa ipige pale inapolengwa. Ila usiziweke kwenye mtutu laini, hazizunguki, zinaenda popote na umetupa hela. Saboti pia ndo zinapatikana za shaba tupu, ambazo kwa mtu asiyetaka madini ya risasi kwenye nyama ya watoto ni jambo la maana, na California tangu Julai 1, 2019 uwindaji wote ni lazima utumie risasi zisizo na madini hayo.

Mtu ataniuliza, si bora .410, ile shotgani ya mtutu mwembamba zaidi, ile haina teke? Ni kweli teke ni dogo, lakini slagi yake nyingi ni karibu gramu 6 tu, theluthi moja ya geji 20, na hiyo inataka mpigaji mtulivu sana karibu sana. Kumpa mtoto anayeanza silaha inayohitaji fundi mimi sikubali. Marisau makubwa nayo nayakataa kwa mtoto, yanatawanyika, yanajeruhi mnyama, na majimbo mengi hayaruhusu kwa kulungu.

Kwahiyo kwa kifupi cha risasi, geji 20, inchi 2¾, na kama unapata zile zilizopunguzwa nguvu chukua hizo. Kwa yadi 50 kulungu hajui tofauti, bega la mtoto ndo linajua. Usidanganyike kwamba kwa vile chemba inapokea inchi 3 basi lazima uzitumie. Na kama mtutu umeandikwa 2¾ usiweke kabisa ya inchi 3 hata kama inaingia, mana inaingia, ila ganda lake likifunguka linakosa nafasi na presha inapanda vibaya.

Hapa nataka nikae kidogo kwasababu ni suala la uhai. Risasi za geji 20 zina ganda la njano na hiyo njano haikuwekwa kwa urembo. Ukikosea ukaiweka geji 20 kwenye bunduki ya geji 12 inateleza inaingia ndani ya mtutu na kukwama mbele ya chemba, huioni, bunduki inaonekana tupu, unaweka ya geji 12 nyuma yake inaingia vizuri tu, ukipiga mtutu unapasuka mkononi. Baba ana geji 12, mtoto ana geji 20, mmevaa makoti yenye mifuko mingi, ndivyo ajali hii inavyotokea. Kwetu sheria ni moja, risasi za njano zinakaa koti la binti peke yake na mimi sibebi hata moja, wala mkoba wa pamoja hatuna. Na akimaliza siku mfuko wake unakung'utwa mezani.

Ukishajua aina, nunua boksi moja moja za kampuni tatu tofauti ujaribu, mana kila mtutu una chaguo lake, hilo halielezeki kwenye karatasi, bunduki mbili za aina moja zinaweza zikapenda slagi tofauti kabisa. Ile inayoweka matundu karibu karibu ndo yako, nunua ya kutosha yenye namba ile ile ya loti, yaani zilizotengenezwa pamoja, alafu usibadilishe katikati ya msimu, ukibadilisha unaseti upya.

Haya, skopu. Kitu cha kwanza siyo ukubwa wa picha, ni umbali kati ya jicho na kioo. Mtoto mwenye kitako kifupi shingo yake inatambaa mbele, jicho linasogea kioo, bunduki ikirudi pete ya skopu inampasua juu ya nyusi. Tafuta yenye nafasi ya inchi 4 au zaidi, yaani sentimita 10 na kitu. Skopu ya .22, ile raifo ndogo ya risasi ndogo, isahau, jicho linakaa karibu mno na ndani haikujengwa kwa mshindo wa slagi, itaachia tu. Tafuta iliyoandikwa ni ya shotgani, hizo pia zimerekebishwa kiwandani kwa yadi 50 au 75, wakati za raifo kwa kawaida ni 100 kwenda juu, kwahiyo kwa umbali wa mtoto alama haihamihami sana akisogeza jicho.

Ukuzaji uwe mdogo. Mara 1 mpaka 4 ni tamu, mara 2 mpaka 7 inatosha na kubaki. Mtoto akiwekewa 9 anaona manyoya tu hajui ni bega au ni tumbo, na kulungu akitembea anampoteza. Tena ukuzaji mdogo unaleta mwanga, gawanya kipenyo cha kioo cha mbele kwa ukuzaji, milimita 32 kwa 4 unapata 8, hiyo jioni bado unaona vizuri, kwa 9 inabaki tatu na nusu tu.

Skopu ya nukta nyekundu naipenda kwa watoto wadogo kuliko zote. Haijali sana jicho liko wapi, macho yote mawili wazi, nukta juu ya bega la kulungu basi. Na kwa mtoto anayelenga mkono wa kulia huku jicho lake lenye nguvu ni la kushoto, hii inarahisisha maisha. Angalia betri tu.

Maunti, kile kishikio cha skopu, nayo isidharauliwe. Shotgani nyingi mtutu unachomoka, una mchezo kidogo pale unapoingia, sasa skopu ikifungwa kwenye mwili wa bunduki na mtutu unacheza, umeseti nini? Bora mtutu wenye reli yake inayorudi nyuma, skopu na mtutu vinakwenda pamoja. Shotgani ya Savage 220, ya boliti, haina hilo tatizo, mtutu wake umefungwa moja kwa moja, ila pampu kama Mossberg 500 Bantam fikiria hilo.

Kuseti, kazi chafu afanye mtu mzima. Anza yadi 25, bunduki ikiwa juu ya mifuko ya mchanga, alafu nenda 50. Kliki moja kwenye skopu nyingi ni robo inchi kwa yadi 100, kwahiyo kuhamisha inchi moja ni kliki 16 kwa yadi 25 na kliki 8 kwa yadi 50. Ukimaliza mtoto apige mwenyewe, mana shavu lake halikai pale lako linapokaa, na akipiga pembeni kidogo kila mara sehemu ile ile, seti kwa ajili yake, bunduki ni yake.

Umbali wake mpime kwa sahani ya karatasi ya inchi 8, huo ndo karibu ukubwa wa sehemu ya moyo na mapafu. Akae kama atakavyokaa porini, siyo mezani, apige. Pale ambapo zote zinabaki ndani ya sahani ndo mwisho wake, kama ni yadi 40 basi ni 40, kulungu akiwa 60 mnamwangalia anapita.

Na haya yote myafanye akiwa amevaa koti lile lile la baridi atakalovaa siku ya kuwinda, na jaketi la chungwa juu yake. Koti nene linaongeza urefu wa kitako, jicho linarudi nyuma, na ile skopu uliyoifunga mwezi wa nane akiwa na fulana utakuta mwezi wa kumi na moja anaona giza pembeni ya kioo. Kabla hamjakaza skrubu za maunti mvalishe koti, afumbe macho, alete bunduki begani, ayafungue. Kama picha imejaa kioo kizima bila yeye kusogeza kichwa, kazeni hapo.