Kabla ya kuvuka Paso San Francisco, isome karatasi yako

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, Desemba nakodi gari Chile, nataka niingie nalo Argentina kwa Paso San Francisco, ile njia ya mpakani juu ya milima ya Andes. Nijiandae vipi?" Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika. Jibu la swali hilo nililinunua kwa bei mbaya.

Habari za ndege na hoteli naziruka. Safari ya kwanza tulitoka Copiapó, mji wa upande wa Chile, saa kumi na moja alfajiri, mimi na mke wangu, tanki limejaa na dumu la lita 20 limefungwa nyuma, maana kutoka hapo hadi Fiambalá, upande wa Argentina, ni zaidi ya kilomita 450 bila kituo cha mafuta. Jangwa tupu, mlima juu ya mlima, rangi ya kutu na ya majivu. Kwa hewa nyepesi ya huko juu, pakiti ya bisikuti ikavimba kama puto. Nilikuwa na furaha ya mtoto wa sikukuu.

Wachile hawagongi mihuri mpakani penyewe. Ofisi yao iko kando ya bonde la chumvi la Maricunga, kama kilomita 100 kabla ya mpaka. Pasipoti zikapita, viza zote mbili safi. Afisa wa forodha akachukua kibali cha gari, kile kilichothibitishwa na mthibitishaji wa hati kwamba mwenye gari anaruhusu litoke nchini. Akakisoma. Akavaa glavu, akatoka nje kwenye upepo, akainama nyuma ya gari, akafuta vumbi kwenye namba kwa kidole gumba. Akatazama karatasi. Akatazama namba. Akarudi ndani bila kusema kitu, nami nikajua.

Ni hivi: asubuhi ya kuchukua gari walitubadilishia, kwa kuwa lile la kwanza tairi lake lilikuwa na kasoro. Kibali hawakukibadilisha. Kijana wa kaunta alikuwa ameniambia "no hay problema", yaani hakuna shida, huku akitafuta chaja ya simu yake.

Nikabembeleza, nikaonyesha mkataba, nikapandisha sauti kidogo (najuta). Mke wangu akanivuta mkono: "Baba Nasra, turudi tu." Tukarudi zaidi ya kilomita 150, kimya. Kampuni hiyo haikurudisha hata senti, ikasema jukumu la kukagua hati ni la mteja. Mpaka leo nikiona tangazo lao roho inachafuka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ndugu yangu, ni karatasi. Kibali kiwe na namba ya gari unalopanda, jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na tarehe za kutoka na kurudi. Kiombe siku kadhaa kabla, hakitolewi papo hapo. Bima iwe inayotambulika Argentina. Kama utarudi Chile, viza yake iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ushauri wa pili ni karatasi tena. Nawajua wenzangu, tunapenda sana ule wimbo wa "tutajua hukohuko". Hukohuko hakuna duka, hakuna mtandao wa simu, na hakuna mjomba wa kupigiwa.

La tatu ni kichwa chako. Njia inapita kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,700, yaani pale pale ilipo Kibo Hut kwenye Kilimanjaro. Tofauti ni kwamba Kibo unafika kwa miguu baada ya siku kadhaa, mwili ukizoea kidogo kidogo, ilhali hapa unatoka karibu na usawa wa bahari ukafika siku hiyo hiyo umekaa kwenye kiti. Februari mwaka huu, tuliporudi na kampuni nyingine, tulilala hema usiku mmoja kando ya Laguna Santa Rosa, kwenye mita 3,700 na ushei, heroe wakichokora maji mbele yetu. Kichwa kiliniuma, lakini cha kuvumilika. Gari nalo huishiwa pumzi huko juu, usishangae ukibaki gia ya pili. Endesha asubuhi, mchana upepo si wa mchezo. Na ukirudi Chile, waambie maafisa kila tunda na asali uliyobeba. Faini yao inauma.

Siku ya kuchukua gari hilo la pili, mke wangu alisimama nyuma yake akaisoma namba kwa sauti, herufi moja moja, mimi nikifuatisha kwa kidole kwenye kibali. Kijana wa ofisi alituona washamba. Atuone tu.

Maricunga wakatupitisha. Tukapita Laguna Verde, kijani kisichoelezeka, Ojos del Salado ikiwa upande wetu wa kulia, mita 6,893, volkano ndefu kuliko zote duniani. Tukavuka mpaka, tukashuka kama kilomita 20 hadi Las Grutas kwa Waargentina. Nikaweka faili langu mezani, kila hati kwenye mfuko wake wa plastiki, nikasubiri afisa atoke nje akague namba. Akauliza Tanzania iko karibu na wapi, akagonga muhuri, akaturudishia. Hata dirishani hakuchungulia. Wallahi nilikereka.